Ombi la Kufutwa kwa Somo la "Nani Kasema"

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

KUHUSU: SOMO LA JUMATANO LA KUSOMA HABARI KWA KUULIZA MASWALI, NA MADHARA YAKE NYUMBANI KWANGU

Pokea salamu zangu na za nyumba nzima. Sisi hatujambo, ila si sana, na hiyo "si sana" ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mimi ni mjomba na mlezi wa mwanafunzi wako wa kidato cha pili, yule msichana mrefu anayekaa karibu na dirisha lililopasuka kioo. Kazi yangu ni udobi. Nafua na kupiga pasi katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, kinachotazama barabara, na benchi langu la wateja halikai tupu. Watu hawaji kwa ajili ya pasi peke yake, maana pasi hata majumbani kwao zipo. Wanakuja kwa habari. Mtaa mzima unaniita Shirika, na jina hilo sikujipa mwenyewe. Nilipewa kwa sababu jambo likitokea popote duniani, iwe vita, mafuriko au kupanda kwa bei ya sabuni, mimi ndiye ninayelijua kwanza, na mara nyingine ninalijua kabla halijatokea.

Nyumbani tunaishi mimi, mke wangu, dada yangu anayefanya kazi ya zamu kiwandani, binti yake ambaye ndiye huyo mpwa wangu, na mama yetu mzazi. Mama ana presha. Naomba uliweke hilo akilini tangu sasa, kwa sababu mengine nitakayoyaeleza ni maudhi tu, lakini la Mama ndilo lililonikalisha kitako kuandika. Suala lenyewe ni kwamba katika nyumba hii, kuhusu vidonge vyake, Mama amsikilize nani. Anisikilize mimi, mwanawe wa kiume wa pekee, au amsikilize mtoto wa kidato cha pili mwenye kadibodi?

Kadibodi yenyewe unaifahamu. Mwalimu wenu kijana, yule mwenye miwani, alimpa kila mwanafunzi kipande chenye maswali matano ya kuuliza anapokutana na habari yoyote. Nani kasema? Yeye kajuaje? Lini? Nani anafaidika nikiamini? Ni nini hakikusemwa? Mpwa wangu ameibandika ukutani, juu ya meza ya chakula, mkabala kabisa na kiti changu. Siku hizi nakula huku natazamwa.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Somo lako limeharibu adabu ya mtoto kwa kumzidishia adabu.

Najua inasikika vibaya, kwa hiyo nifafanue. Kama angekuwa mjeuri ningemkemea, mambo yakaisha. Shida ni kwamba hana ujeuri hata chembe. Jioni moja nilitangaza mezani kwamba wataalamu wa anga wamekubaliana kupunguza urefu wa siku kwa sababu dunia imechoka kuzunguka. Zamani habari kama hiyo ingepokelewa inavyostahili. Mama angeguna, mke wangu angesema makubwa haya, na mimi ningeendelea na maelezo. Safari hii mpwa wangu aliweka kijiko chini, akasema, "Samahani mjomba, nani kasema?" Nikamwambia wataalamu. Akauliza wataalamu gani. Nikamwambia wa anga. Akanishukuru, akaendelea kula.

Mwalimu Mkuu, nimewahi kutukanwa na wateja ambao mashati yao yaliungua kola. Sijawahi kuumizwa na tusi kama nilivyoumizwa na ile asante. Tangu hapo majirani wamempachika jina la Nani Kasema, naye ameupokea utani huo kwa tabasamu kana kwamba amepewa cheo.

2. Somo lako limeua kundi letu la ukoo.

Mimi ndiye msimamizi wa kundi la ukoo kwenye simu. Kila asubuhi, kabla sijawasha makaa, hurusha kundini onyo moja, tiba moja, na habari moja ya kusikitisha, ili ndugu waanze siku wakiwa wamejiandaa. Nafanya hivyo bila malipo wala likizo. Walikuwa wakinijibu kwa viganja vya kushukuru na nyuso zinazolia. Shangazi yetu wa mbali, mtu mwenye moyo laini, aliwahi kukesha akilia kwa ajili ya mwimbaji niliyetangaza kuwa amefariki. Mwimbaji yule alikutwa yu hai, sikatai, lakini machozi ya shangazi yalikuwa ya kweli, na tangu lini ukoo ukawa na machozi mengi kiasi cha kuyabeza?

Siku hizi nikirusha kitu, kundi linanyamaza kimya. Si kwamba hawajasoma. Wanasoma, naona alama zote. Wanamsubiri mtoto atoke shule. Na huyo huyo shangazi, niliyemfundisha mimi mwenyewe jinsi ya kutumia simu, sasa anaandika chini ya kila habari yangu, "Nani Kasema ameiona hii?"

Niliwahi kurusha tangazo la mtoto aliyepotea, lenye picha yake na maneno ya mama yake ya kutia huruma. Ukoo mzima tuliomba dua. Mpwa wangu akachimba akagundua kwamba mtoto yule alipotea zamani sana, akapatikana siku hiyo hiyo, akakua, na sasa ana watoto wake. Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka. Niliwauliza, na ninakuuliza na wewe: kama alipatikana, nani awezaye kusema kwa uhakika kwamba si kwa sababu ya dua zetu? Hilo kwenye kadibodi halimo.

3. Mamba.

Wakati wa zile mvua kubwa nilirusha picha ya mamba akipita katikati ya barabara iliyojaa maji, nikaandika kwamba ni mtaa wa nyuma ya soko letu, na kwamba wazazi wawafungie watoto ndani. Wazazi wakawafungia. Mpwa wangu akaichukua ile picha, akaitafuta kwa njia mliyomfundisha, akaonyesha kwamba ilipigwa bara jingine kabisa na kwamba imekuwa ikizunguka dunia kila mvua inaponyesha.

Hebu tuwe waadilifu. Mamba alikuwa mamba kweli. Maji yalikuwa maji. Barabara ilikuwa barabara. Katika habari nzima kosa lilikuwa moja tu, la mahali, na bado niliitwa mbele ya mama yangu nieleze. Gazeti gani hapa duniani lina usahihi wa kiwango hicho?

4. Somo limeingia kazini kwangu na kunivunjia heshima mbele ya wateja.

Mpwa wangu akitoka shule hupitia chumba changu cha kazi, hukaa pembeni kidogo kabla ya kuingia ndani kumsaidia bibi yake. Siku moja alimkuta askari mstaafu, mteja wangu wa siku nyingi, ambaye huleta suruali moja kila wiki ili apate sababu ya kukaa. Askari alikuwa ananipasha habari nzito. Alisema imeamuliwa kwamba kila nyumba itahesabiwa kamba za kuanikia nguo, na mwenye zaidi ya kamba mbili atalipia. Kwa dobi, Mwalimu Mkuu, habari hiyo ni msiba. Pasi ilinikaa mkononi. Nilikuwa nimesikia fununu za namna hiyo siku chache nyuma, na sasa naithibitisha kwa mtu aliyewahi kuvaa sare ya serikali.

Mtoto akamwamkia vizuri, kisha akamuuliza nani kasema. Askari akajibu kwamba amesema yeye. Mtoto akasema, "Ndiyo babu, lakini wewe umeambiwa na nani?" Askari akataja fundi viatu. Mambo yangeishia hapo kama angekuwa mtoto wa kawaida. Aliinuka, akaenda kwa fundi viatu, ambaye ni hatua chache tu kutoka kwangu. Fundi viatu alikuwa ameambiwa na muuza vocha. Muuza vocha alikuwa ameambiwa na kinyozi. Kinyozi, akiwa ameshika mashine juu ya kichwa cha mtu, alisema bila kusita kwamba ameambiwa na Shirika.

Shirika ni mimi.

Ni kweli nilikuwa nimemwambia kinyozi, kwa kuwaza tu, kwamba watu hawa wanavyotoza kila kitu siku moja watatutoza hata kamba za kuanikia. Neno hilo lilizunguka mtaa mzima likala likashiba, na liliporudi kwangu lilikuwa limenenepa kiasi kwamba sikulitambua. Nililipokea kama mgeni. Nilikuwa nimeanza hata kukunja kamba ya tatu.

Benchi zima liliangua kicheko, na askari mstaafu alichukua suruali yake haijakauka. Lakini hasara yenyewe ni kubwa kuliko kicheko. Kama kila habari itafuatiliwa hadi inapotoka, na ikiwa zote zinatoka kwetu wenyewe, basi tutakaa kwenye benchi tukizungumza nini? Mtaa unaishi kwa mazungumzo. Ninyi mnataka uishi kwa ushahidi.

5. Maradhi haya yameambukiza ndoa yangu.

Hapa nitasema kidogo kwa sababu za heshima. Nilichelewa kurudi, nikamwambia mke wangu nilikuwa msibani. Hakupandisha sauti. Alitazama juu ukutani kwenye kadibodi, akauliza nani kafa, lini, nimejuaje, na ni nini ambacho sijakisema. Somo lenu lilianzishwa kwa ajili ya magazeti. Nani ameliruhusu kuvuka mpaka na kuingia chumbani kwa watu?

6. Daktari Bingwa, na vidonge vya Mama.

Hili ndilo lenyewe, na naomba ulisome ukiwa umekaa.

Nilipokea ujumbe wa Daktari Bingwa aliyejiuzulu kwa uchungu baada ya kuona wagonjwa wanavyodanganywa. Picha yake ilikuwapo: koti jeupe, mvi za heshima, mikono imekunjwa kifuani. Alieleza kwamba vidonge vya presha hugandisha ini, na kwamba tiba halisi ni maji ya moto yaliyochemshwa na maganda ya vitunguu, kikombe kimoja kila asubuhi. Alionya pia kwamba mgonjwa atasikia kizunguzungu siku za mwanzo, na kwamba hiyo ni dalili kuwa damu inajisafisha.

Nilimsomea Mama ujumbe wote, neno kwa neno. Mama akaacha vidonge. Nilimchemshia maganda kwa mikono yangu mwenyewe, alfajiri, kabla ya kazi. Nataka ulijue hilo, Mwalimu Mkuu. Watu wananisema kana kwamba nilikuwa namchezea. Nampenda mama yangu kuliko kitu chochote, na sufuria ile nilikuwa nasimama nayo mpaka macho yananiwasha. Kizunguzungu kikaja kama daktari alivyosema. Mama akawa anatembea ameshika ukuta, nami namtia moyo kwamba tiba imeanza kufanya kazi.

Mpwa wangu alipogundua, hakulia wala hakupiga kelele. Alikaa chini na simu yangu, akaanza na lile swali la kwanza. Ujumbe haukuwa na jina la daktari, wala la hospitali, wala la mji. Niliona ni unyenyekevu wa daktari, mtoto akaona vingine. Akaitafuta ile picha. Yule bwana mwenye mvi alionekana kwenye tangazo la miwani akiwa mstaafu mwenye furaha. Akaonekana kwenye tangazo la magodoro akiwa baba wa familia. Kwingine alikuwa rubani. Mimi nilimwambia mtoto kwamba mtu mwenye kazi nyingi namna hiyo lazima awe na akili za ajabu, kwa hiyo ndio kwanza imani yangu iliongezeka. Alimvalisha bibi yake viatu, akamkokota hadi zahanati.

Nesi alipopima alipima tena, kisha akamlaza Mama kitandani hapo hapo na kumwita mganga mkuu. Walimzuia mpaka jioni. Nesi akauliza ni nani aliyemwambia aache dawa, na Mama, mbele ya wagonjwa wote waliokuwa kwenye foleni, akajibu kwa sauti kavu kwamba ni Shirika.

Tangu siku hiyo anameza kidonge chake kila asubuhi na kumfungulia mjukuu wake mdomo aone kama kimeshuka. Kizunguzungu kimekwisha. Anafika hadi sokoni na kurudi bila kushika ukuta wa mtu. Nisieleweke vibaya: sikatai kwamba amepata nafuu. Ninachopinga ni utaratibu. Amepata nafuu kwa njia ambayo haikupitia kwangu, na mfano huo ni mbaya kwa ukoo.

Na kuna jambo jingine ambalo nalieleza kwa shida. Mama alikuwa na desturi yake. Jioni nikishamaliza kazi, nikiingia sebuleni na harufu yangu ya makaa, alikuwa ananisogezea kiti na kuniuliza kuna nini duniani. Aliniuliza hivyo tangu nilipokuwa kijana ninayejifunza pasi kwa marehemu baba. Sasa nikifungua mdomo anainua kiganja na kusema tumsubiri mjukuu wake. Niliumia, na bado naumia.

7. Wewe mwenyewe hauko salama.

Huenda mpaka hapa umesoma ukitabasamu, ukijiambia kwamba haya ni ya Shirika na nyumba yake. Basi nikupashe. Shuleni kwako kuna tangazo kwenye ubao, lenye sahihi yako, kwamba maktaba imefungwa kwa matengenezo. Mpwa wangu analisoma kila siku anapopita. Ameniambia mezani kwamba tangazo halisemi matengenezo ya nini, wala yatakwisha lini, na kwamba hajaona fundi hata mmoja akiingia. Juzi dada yangu alimpeleka kwenye sherehe ya mfanyakazi mwenzake, katika ukumbi wa kukodi, na alirudi na swali jipya. Anauliza kwa nini viti vya ukumbini vina chapa ya maktaba ya shule chini ya vikalio.

Mimi nilikutetea. Nilimwambia kwamba mwalimu mkuu hawezi kudanganya, kwa sababu ni mwalimu mkuu. Aliniuliza nani kasema.

Nadhani sasa tunaelewana.

Kwa hayo yote naleta kwako maombi yafuatayo, kwa unyenyekevu:

(a) Somo hili lifutwe, na nafasi yake ichukuliwe na somo la Kupokea Habari kwa Shukrani, ambalo niko tayari kulifundisha mwenyewe, Jumatano hiyo hiyo, wateja wakiniruhusu.

(b) Ikishindikana kulifuta, wanafunzi waelekezwe kuuliza maswali hayo kwa magazeti ya nchi za mbali tu, na kwa watu wasio na undugu nao. Wazazi, walezi, waajiri na walimu wakuu wasamehewe.

(c) Kadibodi zote zirudishwe shuleni. Ile ya kwetu nitaileta mwenyewe, nikishapata namna ya kuibandua Mama asione.

(d) Shule imwandikie Mama cheti chenye mhuri, kinachosema kwamba mwanawe ni chanzo cha habari cha kuaminika. Mama anaheshimu sana mihuri. Tafadhali mhuri ukolee, maana nina hofu ataulizia nani kaugonga.

Iwapo ndani ya muda wa kutosha sitapata jibu, nitalazimika kulifikisha suala hili kwa wakubwa zaidi, na pia kulirusha kundini.

Nifikishie salamu kwa makamu wako, kwa mama karani wa ofisi ambaye mashati ya mumewe nayafahamu vizuri, kwa wapishi, kwa mlinzi wa geti, na kwa wanafunzi wote wasiosoma somo hilo. Mwalimu mwenye miwani naye msalimie, lakini usimwambie ni mimi. Wa nyumbani kwako pia wape salamu, pamoja na wakwe kama wanakaa kwako.

Nabaki mimi, mlezi mwenye masikitiko na mtumishi wako katika kuhabarishana,

Fundi Dobi
(Shirika)

Baada ya sahihi: Naongeza haya nyuma ya karatasi kwa sababu karatasi nyingine sina.

Nilikuwa nimeshaikunja barua na natafuta bahasha, simu ikalia. Ujumbe ulisema ukuta wa madarasa ya shule yako umeanguka leo na kuwafukia wasichana wa kidato cha pili. Ulikuwa na picha. Wasichana wamelala chini kwenye vumbi, mmoja wao mrefu, uso hauonekani. Chini yake kumeandikwa, "Rusha kwa kila ndugu, usichelewe." Mpwa wangu alikuwa bado hajarudi. Mama alikuwa chumba cha pili, simu ipo mapajani, na vyovyote anavyoniona siku hizi, ujumbe wangu huufungua papo hapo. Unajua moyo wake unavyokwenda.

Kidole changu kilikuwa tayari juu ya jina la kundi. Miaka yote nimeamini kwamba anayechelewa kurusha ndiye muuaji. Nilikiondoa. Nikajikuta nasema kwa sauti, peke yangu, mbele ya meza ya pasi: nani kasema? Hapakuwa na jina. Lini? Waliandika "leo" bila kusema leo ipi. Nikaitazama tena ile picha nikiwa nimeilazimisha akili itulie, na nikaona sketi. Zile zilikuwa sketi za kukatwa wima. Sketi za shule yako zina marinda, na marinda yale ndiyo yanayonimalizia makaa kila Jumapili. Nikampigia mlinzi wako wa geti. Alinijibu kwamba kuta zote zimesimama, akaniuliza mbona nahema.

Hazikupita dakika nyingi mtoto akaingia, akatua begi, akaniamkia. Nilimwitikia marahaba, nikarudi kwenye pasi. Mama alipita akaenda jikoni akiimba. Hajui lolote mpaka sasa, na nakuomba hata wewe usimwambie mtu.

Usije ukadhani haya yametokana na somo lako. Niliuliza tu, kama mtu yeyote anavyoweza kuuliza. Hata hivyo barua hii usiifanyie kazi kwanza. Cheti kiache. Kadibodi nayo ibaki ilipo, kwa kuwa ikibanduliwa itaharibu rangi ya ukuta.

Jambo la mwisho. Kuna jamaa yangu, wa umri wangu, fundi wa pasi kama mimi, anauliza kama darasa la Jumatano linapokea watu wazima. Hahitaji dawati wala daftari, ataketi nyuma kabisa, mahali ambapo mpwa wangu hawezi kumwona.